Mzee Atafunguliwa Jumatatu

Juzi nilipeleka laptop yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta hapa Voi, karibu na soko. Ilikuwa imefika mahali naibonyeza iwake, naenda kuoga, narudi, naikuta bado inajishauri. Kijana akaigeuza kifudifudi, akalegeza skrubu, na kabla hajasema neno ikanifikia ile harufu: vumbi jekundu lililokaa miaka karibu na kitu cha moto. Kama umekulia Taita ya chini unaijua. Kwangu ni harufu ya chumba cha mbele cha nyumba yetu, saa za adhuhuri, dirisha limefungwa kuzuia upepo na mashine inavuma mezani.

"Madam, tuiongezee memori ama utafute ingine?" kijana akaniuliza.

Nikacheka peke yangu mpaka akanitazama vibaya. Angejuaje kwamba swali hilohilo liliwahi kunifanya nimtoroshe babu yangu?

Nilikuwa darasa la tatu. Chumba hicho cha mbele ndicho kilikuwa ofisi ya Mama. Zamani alikuwa sekretari wa shule. Kazi ilipoisha, alinunua kompyuta iliyokwishatumika Mombasa, akabandika karatasi mlangoni, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa unatuletea mambo yake yapigwe chapa: mitihani, barua za kazi, ratiba za mazishi na, zaidi ya yote, programu za harusi. Wa rika langu mnazikumbuka kompyuta zile. Skrini ilikuwa na kisogo kikubwa, rangi yake kama maziwa yaliyokaa, na juu yake kulitandikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni kochi la wageni. Kuingia chumbani ulivua viatu. Kuigusa hukuthubutu. Mimi niliruhusiwa kuitazama tu, mikono nyuma, na wakati mwingine Mama aliniambia nipumue kule.

Baba alikuwa karani wa stoo katika ranchi moja kule Kishushe. Barabara ya huko inajulikana, na magari ni ya kubahatisha, kwa hivyo alikuja nyumbani zile wiki tu alizopata lori. Alifika amepakwa vumbi hadi kope za macho, akicheka, na kitu cheupe pekee usoni mwake kilikuwa meno.

Mwaka huo, likizo ya Agosti, Babu, baba yake Baba, alishuka kutoka milimani, upande wa Mgange, kwa ajili ya macho. Daktari alimpima akasema ana mtoto wa jicho na lazima atolewe. Mimi nilisikia hivyo hivyo: mtoto. Nikamuuliza Babu ni wa kike au wa kiume.

"Wa kiume," akajibu bila kusita. "Mtundu sana. Amesimama mlangoni, hapishi mwanga."

Siku nzima nilimkodolea macho nikimtafuta huyo mtoto. Niliona weupe tu, kama ukungu wa asubuhi kule kwao, nikadhani amejifunika blanketi.

Babu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyevua koti hata katika joto la Voi. Alisema maji yetu yana ladha ya msumari na joto letu linampika mtu mzimamzima bila sufuria. Kanisani kwao aliimba sauti ya tatu, na akiwa hana la kufanya aliiimba hiyo ya tatu peke yake, ukasikia wimbo usio na kichwa wala miguu lakini uliojaa furaha. Nilimpenda mno. Mimi ndiye nilikuwa macho yake: nilimshika mkono kwenda chooni, kwenda barazani, kwenda mezani. Pale nisipokuwapo aligonga vitu. Siku moja alimwaga chai juu ya karatasi mpya za Mama, na Mama akasema tu, "Haidhuru, Baba," akazianika karatasi kwenye kamba uani, moja moja, kwa vibanio vya nguo. Babu aliomba msamaha mpaka jioni.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikaanza visa. Ilikawia kuwaka, ikikohoa kwa ndani, na ikiwaka inaganda. Ijumaa iliganda na programu ya harusi iliyokuwa karibu kumalizika, ikakataa kuionyesha tena. Mama akamwita fundi Mutua, kijana mchangamfu aliyekuwa na kibanda chake mjini. Alipokuja mimi nilikuwa nimetumwa maziwa, kwa hivyo sikumsikia akisema, "Mama Wakesho, huyu mzee wenu amechoka." Mama, ambaye kwa mambo ya kazi hakuwa na mzaha, safari hii alicheka, na tangu saa ile kompyuta ikawa Mzee. Mimi sikuambiwa. Katika nyumba yetu, kwa ninavyojua mimi, mzee alikuwa mmoja.

Basi Jumamosi Baba alipofika, nilikuwa jikoni nikichambua mawe kwenye ndengu, pazia tu kati yangu na chumba cha mbele.

"Mzee amefika mwisho," nilimsikia Mama. "Leo nimemngoja mpaka chai ikapoa, ndipo akaamka. Na akiamka, kitu ulichomwambia sasa hivi ameshasahau."

"Lakini ametufaa, Mama Wakesho. Huwezi kumtupa tu."

"Nani amesema kutupa? Nasema tulete mwingine, mwenye nguvu. Huyu anakohoa mbele ya wateja, naona aibu."

"Fundi anasema anaweza kumfungua, amtoe uchafu, amwongezee memori."

"Na akimfungua akafia hapo mezani?"

Niliacha kuchambua ndengu.

"Akifa, kuna jamaa sokoni ananunua hata wakiwa wamekufa," akasema Baba. "Anatoa vitu vya ndani, anauza kimoja kimoja."

"Sawa basi. Fundi anakuja Jumatatu. Amfungue, tuone. Lakini mimi moyo wangu uko kwa mpya."

Nilikaa pale na sinia mapajani, masikio yamewaka moto. Mambo mengine yalinishangaza, kwa mfano kwamba ni fundi atakayekuja na si daktari. Lakini nilifikiri: fundi wa viatu yuko, wa baiskeli yuko, bila shaka na wazee wana wao. Kilichoniumiza ni sauti zao. Hawakuwa wamekasirika. Walizungumza kama watu wanaopanga kununua godoro.

Sikulia. Niliamua kumtengeneza Babu mwenyewe kabla ya Jumatatu.

Asubuhi ya Jumapili nilimtikisa kabla jogoo hajamaliza. "Babu, amka! Fungua macho mara moja! Usikohoe!"

"Kuna moto?"

"Hakuna. Ukiitwa uwe unaamka haraka."

Baada ya kanisa nilimketisha barazani tukaanza memori. Nilimuuliza majina ya watoto wake wote, akayataja vizuri. Nikamuuliza saba mara nane, akasema inategemea ni za nani. Nikamwambia, "Nitakwambia neno, ukae nalo mpaka nikuulize: kijiko." Nikaenda kumletea maji, nikarudi. "Neno ni gani?"

"Neno lipi, Mkamburi?"

Mkamburi ni shangazi yangu. Mimi ni Wakesho. Niliketi chini nikaona giza. Babu aliwahi kuniita jina la shangazi mara nyingi tu, na sote tukacheka, lakini siku hiyo lilikuwa kama hukumu.

Baba aliondoka alasiri hiyo, kwa sababu lori la kurudi Kishushe halikungoja mtu. Usiku huo sikulala vizuri. Jumatatu Mama alikuwa chumba cha mbele na dada wa bibi harusi, yule mwenye programu iliyopotea, naye sauti yake ilikuwa imeshapanda. Nilimkuta Babu ameketi kitandani akivaa viatu. Nikashindwa kuvumilia.

"Babu, wanataka kukubadilisha."

"Kunibadilisha nini? Shati?"

"Wewe. Wanataka kuleta mwingine. Fundi anakuja leo akufungue, na ukifia mezani kuna mtu sokoni atanunua vitu vya ndani."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliuliza polepole, "Nani kasema?"

"Mama na Baba. Nimesikia mwenyewe. Mama amesema unakohoa mbele ya wateja."

Alipapasa kitanda mpaka akapata kofia yake. Leo, nikiwa mtu mzima, nadhani najua kilichopita kichwani mwake. Habari za kuuzwa vipande hakuziamini hata kidogo. Lakini ile ya kukohoa mbele ya wateja aliiamini, na zile karatasi za kwenye kamba alizikumbuka. Tena upasuaji ulikuwa Ijumaa, naye alikuwa anauogopa kisu kimyakimya, bila kumwambia mtu. Mimi nilimletea sababu ya heshima ya kwenda nyumbani.

"Nipe mkoba," akasema. "Nitapanda gari la Mgange. Nisindikize tu mpaka steji, halafu urudi kwa mama yako."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Mkono mmoja wa Babu ulishika mkoba, wa pili ulishika wangu. Nilimwambia hapa kuna mtaro, hapa kuna jiwe, hapa kuna mbuzi amelala. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likituzunguka, na koti lake likajaa hewa kama linataka kutangulia. Moyoni nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu anayeokoa. Ni tulipovuka reli ndipo nikafikiri: akienda, na yule mtoto mlangoni je? Nani atamtoa? Nikaanza kutembea polepole. Babu naye hakuniharakisha.

Steji kulikuwa na makelele ya kawaida, makanga wakiita Wundanyi na Mgange, kina mama na beseni za ndizi. Tulikuwa tunaulizia gari lililo karibu kujaa nilipoitwa kwa nyuma.

"Wakesho! Mbona uko huku? Si ndio nakuja kwenu sasa hivi kumfungua mzee."

Alikuwa fundi Mutua, begi la kazi begani, tabasamu hadi masikioni. Nilipiga yowe moja ambalo naamini lilisikika mpaka mashamba ya mkonge. Nikasimama kati yao, mikono nimeitanua. "Usimguse! Usimguse Babu yangu!"

Steji yote ikageuka. Babu akaweka mkoba chini, akavua kofia, akajinyoosha urefu wake wote.

"Kijana, mzee ndiye mimi. Kama ni kufunguliwa, nifungue hapa hapa, mbele ya watu."

Tabasamu la fundi likaanguka. "Nikufungue nini, mzee?"

"Utajua mwenyewe. Si nyinyi mnatoa vitu vya ndani mnauza sokoni?"

"Ati anauza nini?" akadakia mama mmoja wa ndizi, na beseni tayari limeshuka kichwani. Watu wakaanza kusogea. Makanga mmoja akamshika fundi begi.

"Jamani, jamani! Mimi ni fundi wa kompyuta!" Fundi alilifungua begi, akatoa bisibisi, brashi, nyaya na kipande cha kijani chenye meno ya dhahabu. "Oneni! Ni kompyuta ya mama ya huyu mtoto. Hiyo ndiyo tunaita mzee. Ni mzaha tu. Inachelewa kuwaka!"

Makanga akaliachia begi.

"Kompyuta," akasema Babu.

"Ndio, mzee."

"Ndiyo inayochelewa kuamka."

"Ndio."

"Na kusahau."

"Hiyo nayo! Inasahau sana, mzee. Memori yake ni ndogo."

Kicheko cha Babu kilianzia chini, tumboni, kikapanda kikitikisa vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, na kilipofika kinywani kilimshinda kusimama. Akaketi juu ya mkoba wake katikati ya steji, machozi yakimtoka, akirudia, "Anakohoa mbele ya wateja! Anakohoa mbele ya wateja!" Mama wa ndizi akacheka, makanga akacheka, fundi naye akacheka kwa pumzi ya mtu aliyeponea. Mimi peke yangu sikuelewa bado. Fundi alipiga magoti akanieleza taratibu, na nilipoelewa, sikucheka. Nililia. Babu akanivuta kwenye koti lake linalonuka moshi wa milimani, akaniambia, "Umenipigania, mama. Hata wanangu hawajawahi kunipigania hivyo." Mama wa ndizi akatugawia ndizi mbili za bure, akisema hajawahi kuona sinema nzuri kama hiyo tangu alipofika Voi.

Tulirudi watatu. Mama alikuwa mlangoni, mkono kiunoni, amezunguka mtaa mzima akituulizia. Akatazama mkoba.

"Baba! Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kununua mkate," akasema Babu.

"Na mkoba wa nguo?"

Fundi alijaribu kuficha uso, akashindwa, akasimulia yote. Nilimwona Mama akianza kucheka, halafu kicheko kikamgeukia machozi. Alimshika Babu mikono yote miwili.

"Baba, mimi nikubadilishe wewe? Nani mwingine atausifia ugali wangu?"

"Hakuna," akasema Babu. "Ni mgumu." Na hapo ndipo nyumba yote ikacheka sawasawa, hata dada yake bibi harusi, aliyekuwa amekuja kugombana.

Mzee wa kweli akafunguliwa. Babu aliomba kiti akaketi karibu kabisa, pua imekaribia sanduku, ili aone anachoweza. Fundi alipoondoa ubavu mmoja, vumbi jekundu lilimwagika mezani, la kutosha kupandia mche, na katikati yake akachomoka mjusi, akakimbia juu ya kibodi, juu ya mkono wa Mama, akatokomea dirishani. Mama aliruka juu ya kochi. Nyuma ya feni tulikuta mayai mawili madogo, meupe, kama punje za mahindi mabichi.

"Si memori ndogo tu," akasema fundi. "Amepangisha."

Baada ya kupiga brashi alieleza. Kulikuwa na njia mbili. Kwanza, kuongeza memori na kuweka diski nyingine kubwa. Mzee atakimbia, lakini ndani yake vingine vimezeeka na havibadiliki, kwa hivyo asidanganyike mtu kwamba ni wa milele. Pili, kutafuta nyingine kabisa, ila diski ya zamani ingepaswa kusomwa kwanza, kazi za wateja zihamishwe. Mama akampigia Baba simu. Kule Kishushe ilibidi Baba apande juu ya kichuguu ili apate mtandao, na tulisikia upepo kuliko maneno. "Iongezwe tu!" akasema Baba. "Iletwe mpya!" akasema Mama. "Naona—" akasema Baba, na simu ikakatika.

"Mimi sina kura hapa?" akauliza Babu.

"Unayo, Baba."

Babu akamgeukia fundi. "Mkileta mwingine, huyu mtampeleka wapi?"

Fundi akajikuna shingo. "Nitatoa vitu vya ndani, mzee. Niuze kimoja kimoja."

"Basi kura yangu mnaijua."

Mama alishusha pumzi, akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi watu wa ukoo huu mnapenda vitu vizee. Haya, iongezwe. Lakini ikigandia mteja tena, naleta mpya, na kura zenu mkae nazo."

Fundi akaondoa stima, akaanza kazi. Babu alifuata kila sauti ya bisibisi. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na haisikii uchungu?"

"Haisikii, mzee. Si nimeitoa stima kwanza?"

Babu alitafakari. "Ijumaa nitawaambia wanitoe stima na mimi."

Mama aligeuka haraka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kujua kwamba mzee alikuwa anaogopa. Alimpa chai, akakishika kikombe chini mpaka vidole vya Babu vilipokikamata vizuri.

Mzee aliwaka. Safari hii hakukohoa. Aliwaka kabla Mama hajamaliza kuvuta kiti. Fundi akaisoma diski ya zamani, akapekua, na ghafla skrini ikajaa mashada ya maua na majina mawili kwa herufi za kujipinda. Dada yake bibi harusi akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameposwa. Karatasi za programu zilipotoka kwenye printa zikiwa na joto, Mama alinipa mimi kazi ya kuzikunja katikati. Ndiyo siku niliyoruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingiza mikono kwenye kazi ya chumba kile. Mzee aliendelea kutufaa mpaka nikamaliza shule ya msingi, na siku Mama alipoleta mpya hakuna aliyembishia.

Ijumaa Baba alipata lori la mawe akafika kwa wakati. Babu aliingia chumba cha upasuaji akiimba sauti ya tatu, na wauguzi wakamwambia mzee, punguza kidogo. Kesho yake tulikwenda sote kumwona akifunguliwa bandeji. Daktari aliivua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Babu alipepesa jicho, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Alimtazama Baba, akamwambia amenenepa. Alimtazama Mama, akainamisha kichwa kwa shukrani. Kisha akanitafuta mimi chini, karibu na kitanda, nami nikamchekea kwa woga, sijui ataona nini.

Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Huo ni mwanya wa mama yangu."

Siku ile, njia yote kutoka hospitali hadi nyumbani, sikuufunga mdomo. Nilicheka na kila tuliyekutana naye, mawe na mbuzi wakiwemo, ili Babu auone tena.